Taa ya Pikipiki na Macho ya Askari

Katika mji wa Gisenyi, uliomo katika Wilaya ya Rubavu, jua huzama karibu na saa kumi na mbili na robo jioni, mwaka mzima, na nusu saa baadaye giza limekwisha kutanda. Nchi zilizo karibu na ikweta hazina ile jioni ndefu inayojulikana Ulaya. Mchana huondoka, usiku ukaingia, na kati yake hakuna nafasi kubwa. Kwa hiyo saa ile ile ambayo watu wengi wanarejea makwao ndiyo saa ambayo jicho la binadamu linafanya kazi kwa taabu kubwa.

Tazama ni nani walio barabarani saa hiyo. Wako wachuuzi wanaotoka upande wa mpaka wa Goma, wengi wao akina mama, na vikapu vimekwisha kuuzwa au havikuuzwa. Wako walemavu wanaoendesha kwa mikono zile baiskeli zao za magurudumu matatu, ambazo kwa miaka mingi zimebeba mizigo kuvuka mpaka huo, na ambazo ziko chini sana, karibu na lami. Wako vijana wanaoshuka na baiskeli kutoka milimani, viazi na ndizi zikiwa zimefungwa nyuma. Kuna mapikipiki ya kukodi, ambayo Wanyarwanda huyaita moto, jina la Kifaransa ambalo Mswahili akilisikia mara ya kwanza hudhani kuna nyumba inayoungua. Kuna malori. Na katikati ya hao wote yuko askari: polisi wa barabarani aliyesimama kwenye kona na fulana yake ya kuakisi mwanga, au mwanajeshi anayekwenda kwa miguu katika doria, au mwenzao anayepanda pikipiki ya kazi kutoka kituo kimoja kwenda kingine.

Kati ya watu hao wote, ni wachache sana wenye taa yao wenyewe. Wengine wanaonekana kwa hisani ya taa ya mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo ni mwendesha pikipiki. Basi swali la taa ya pikipiki, ambalo kwa juu juu ni swali la fundi na duka la spea, ni swali la nani atafika nyumbani.

Hapana budi kuanza kwa kumtendea haki motari. Katika miaka ya karibuni wako madereva wengi waliobadili taa za mbele za pikipiki zao. Wameondoa balbu ya kiwandani na kutia balbu ya LED yenye mwanga mweupe unaoelekea rangi ya buluu; wengine wameongeza taa mbili ndogo kando ya usukani, kali kama jua la adhuhuri. Afisa wa polisi anayepofushwa na taa hizo kila usiku huelekea kuona kwamba huo ni ujeuri mtupu. Wako wanaofanya kwa ujeuri, ni kweli. Lakini walio wengi wana sababu, na sababu yao ni ya haki: hawaoni.

Hesabu ni hii. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa inapita karibu mita 17 kila sekunde. Kabla mkono wa dereva haujagusa breki, macho yaone, akili itambue, mkono utii. Hapo sekunde moja na nusu imekwisha kupita, yaani mita 25. Kisha breki yenyewe, juu ya lami kavu na tairi nzuri, inataka mita nyingine 25 hadi 30. Jumla ni zaidi ya mita 50. Mvua ikinyesha, ongeza. Sasa, pikipiki nyingi ndogo za kazi zina balbu ya wati 35. Taa ikiwa imeinamishwa, na kioo chake kimefifia kwa vumbi na umri, mtu aliyevaa nguo nyeusi huweza kuonekana akiwa umbali wa mita 30 tu, au pungufu. Maana yake ni kwamba dereva huyo anaendesha ndani ya giza ambalo hawezi kusimama kabla ya kulifikia. Akipunguza mwendo hadi kilomita 40, umbali wa kusimama unashuka hadi karibu mita 30, na hapo ndipo taa na breki zinapopatana. Huo ndio ukweli wa kwanza, na ni mchungu kwa mtu anayelipwa kwa idadi ya safari.

Barabara yenyewe haimsaidii. Anayetoka Musanze kwenda Gisenyi hupita Bigogwe, mahali ambapo askari wengi wanapakumbuka kwa mafunzo, baridi na ukungu. Kutoka huko barabara inateremka kwa kona nyingi hadi Mahoko na Nyundo, ikifuatana na bonde la Sebeya, mpaka ufukweni mwa Ziwa Kivu. Ardhi ya sehemu hizi imezaliwa na volkano, na mawe yake ni meusi. Mwanga unaoangukia ukingo wa namna hiyo haurudi, unamezwa. Mto Sebeya ulipofurika katika usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, wakati mvua zilipoua watu zaidi ya 130 katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini, wengi walijifunza kwamba katika bonde lile barabara ya jioni si lazima iwe barabara ya usiku wa manane. Tope hushuka. Jiwe huanguka. Mwenye taa dhaifu hulijua jiwe hilo kwa gurudumu.

Kwa hiyo anayetaka mwanga zaidi anataka jambo jema. Kosa liko katika namna anavyolitafuta.

Watu wengi wanaiona taa kama ndoo ya maji: ukimimina zaidi, utapata zaidi. Taa ya gari au ya pikipiki haiko hivyo. Ni chombo cha kulenga, na askari anayeijua bunduki yake ataelewa upesi kuliko raia. Risasi yenye nguvu kubwa zaidi haisaidii ikiwa shabaha imepinda. Ndani ya taa kuna sahani inayong'aa, ambayo kazi yake ni kuukusanya mwanga na kuutupa mahali palipokusudiwa. Sahani hiyo ilichorwa na wahandisi kwa kukisia kwamba mwanga utatokea katika nukta fulani, si milimita mbili mbele yake wala milimita mbili nyuma.

Balbu ya halojeni yenye nyuzi mbili, ile iitwayo H4, iliingia katika magari ya Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1970 na imedumu hadi leo. Ina wati 60 kwa taa kamili na wati 55 kwa taa iliyoinamishwa. Ndugu yake mdogo aitwaye HS1, mwenye wati 35 kwa 35, ndiye anayepatikana katika pikipiki nyingi ndogo. Atakayeichukua balbu hiyo na kuitazama karibu ataona jambo la ajabu kidogo: chini ya uzi mmoja kuna kikombe kidogo cha chuma. Kikombe hicho kinauzuia mwanga wa uzi ule usiifikie nusu ya chini ya sahani. Mwanga unagonga nusu ya juu peke yake, na kwa hiyo unatupwa chini, barabarani, wala haupandi machoni mwa anayekuja. Hiyo ndiyo siri yote ya taa iliyoinamishwa. Hakuna mashine nyingine. Ni kikombe cha chuma, kisichozidi ukucha, ndicho kinachomlinda afisa aliyesimama mbele ya pikipiki asipofuke.

Sasa fundi wa pembezoni mwa njia anachukua balbu ya LED ya bei nafuu na kuiingiza mahali pa ile ya halojeni. Inaingia vizuri, kitako ni kile kile. Inawaka, na ukuta wa jirani unang'aa. Mteja anafurahi na kulipa. Lakini vile vipande vidogo vinavyotoa mwanga havikukaa pale uzi ulipokuwa. Vimekaa ubavuni, vimepanuka, na mara nyingi kikombe chake ni cha kuigiza tu. Sahani haijui mwanga umetokea wapi. Inautawanya: mwingine kwenye matawi ya mikaratusi, mwingine shambani, mwingine moja kwa moja machoni mwa watu. Karibu na gurudumu la mbele kunakuwa kweupe pe, na weupe huo unamdanganya dereva, kwa sababu jicho lake linajifunga kidogo kwa ajili ya mng'ao ulio karibu, na kule mbali, mita 40 hadi 50, ambako ndiko hatari iliko, anaona pungufu kuliko alivyoona zamani. Amenunua mwanga, akauza macho.

Katika ukungu wa Bigogwe mambo huwa mabaya zaidi. Mwanga unaopanda juu unagonga matone ya ukungu na kumrudia dereva usoni kama pazia jeupe. Kila anayeongeza nguvu anaongeza pazia.

Nchi zilizoendelea kiviwanda nazo zimelihangaikia jambo hili. Ujerumani, kwa mfano, ilikataza kabisa balbu za LED katika taa za halojeni hadi mwaka 2020, ilipoanza kuruhusu balbu chache tu, na kila balbu kwa aina ya gari ambayo imepimwa nayo na kuonekana haipofushi. Si kila balbu katika kila taa. Baadaye baadhi ya pikipiki nazo ziliingizwa katika orodha. Funzo si kwamba LED ni mbaya. Taa kamili ya LED, iliyotengenezwa pamoja na sahani yake na kioo chake, ni nzuri sana. Inakula umeme kidogo, inadumu, na pikipiki mpya nyingi, zikiwemo za umeme ambazo zimeenea Rwanda tangu mwaka 2019, zimekuja nayo kutoka kiwandani. Lawama iwe juu ya ndoa ya balbu ngeni na sahani isiyoifahamu.

Upo upande mwingine ambao ni wa Rwanda hasa, na haujadiliwi vya kutosha. Rwanda huendesha mkono wa kulia, kama Kongo na Burundi. Uganda, Tanzania na Kenya huendesha mkono wa kushoto. India, ambako pikipiki nyingi ndogo za Afrika Mashariki zinabuniwa, huendesha kushoto pia. Taa nyingi za magari, na baadhi ya taa za pikipiki kubwa, haziko sawa pande zote mbili: mwanga wake ulioinamishwa hupanda kidogo upande wa ukingo wa barabara, ili dereva aone watembea kwa miguu, na hushuka upande wa pili, ili asimpofushe anayekuja. Taa ya nchi ya mkono wa kushoto ikiletwa Rubavu hufanya kinyume. Inapanda pale pale anapokuja mwenzake, na kuwaacha gizani watembea kwa miguu wa upande wake. Dereva wake anaweza kuwa mtu mwema kabisa, taa ameiinamisha, na bado kila anayekutana naye anamtukana.

Askari wa barabarani anaweza kulitambua jambo hili bila chombo chochote ila tochi. Taa zilizopimwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa zina maandishi kwenye kioo. Kuna herufi E ndani ya duara, pamoja na namba ya nchi iliyoidhinisha. Kama kuna mshale mmoja unaoelekea mkono wa kulia wa mtu anayeitazama taa kwa mbele, taa hiyo ilikusudiwa nchi zinazoendesha kushoto. Mshale wenye ncha mbili maana yake taa inaweza kugeuzwa itumike pande zote. Pasipo na mshale, ni ya mkono wa kulia, au ni ile isiyopendelea upande wowote, kama zilivyo taa za pikipiki ndogo nyingi. Afisa mwenye elimu hiyo ndogo anaweza kumweleza motari kosa la taa yake kwa dakika moja. Asiye nayo atabaki kusema, "Punguza taa," na motari atabaki kujibu, "Afande, nimepunguza," na wote wawili watakuwa wanasema kweli.

Basi anayetaka kuona vizuri usiku afanye nini? Kazi ya kwanza haina gharama, nayo ni kusafisha. Kioo chenye tope na wadudu kinameza sehemu kubwa ya mwanga. Kama ni cha plastiki na kimekuwa cha njano, au sahani ya ndani imepauka na kuanza kubanduka, hakuna balbu duniani itakayoiponya. Inunuliwe taa nzima.

Kazi ya pili ni umeme, na hapa mafundi wengi wanapita haraka mno. Mwanga wa balbu ya halojeni unategemea volti kuliko watu wanavyodhani. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga haupungui kwa asilimia 10, unapungua kwa karibu asilimia 30. Na volti hupotea njiani: katika waya mwembamba, katika swichi iliyoungua ncha zake, katika nati ya bodi iliyoshika kutu. Pikipiki iliyokwisha kufanya kazi miaka mitano katika mvua za Rubavu inaweza kuwa na balbu njema inayokula nusu posho. Fundi akiweka waya mnene kutoka kwenye betri, fyuzi yake, na rilei inayoichukua kazi ya swichi, balbu ile ile ya zamani huonekana kama imefufuka. Katika baadhi ya pikipiki ndogo taa haipati umeme kutoka kwenye betri hata kidogo, bali moja kwa moja kutoka kwenye jenereta ya injini. Ndiyo maana mlimani, gia ikiwa nzito na injini ikipumua polepole, taa inafifia, kisha inakua tena dereva anapovuta mafuta. Pikipiki ya namna hiyo yafaa ibadilishwe mfumo wake kwanza, kabla ya kuota taa kubwa.

Na taa isiwe kubwa kuliko tumbo la pikipiki. Wako wanaotia balbu ya wati 100 mahali pa wati 35. Jenereta haiwezi kuilisha, betri inakauka, kitako cha balbu kinayeyuka, na siku moja mteremkoni taa yote inazimika pamoja na honi. Kutoka taa yenye mwanga hafifu hadi kutokuwa na taa kabisa ni hatua moja, nayo hutokea kwenye kona. Anayetaka kupanda daraja kutoka HS1 kwenda H4 anapata mwanga mara mbili kwa kipimo cha karatasi, kiasi cha lumeni 1,000 badala ya 525 kwa taa iliyoinamishwa, lakini hana budi kuuliza kwanza kama umeme wa pikipiki yake unatosha, na kama sahani yake ni ya H4.

Kisha kuna kulenga. Hapo ndipo kosa kubwa liko, hata katika pikipiki za serikali. Pikipiki husimamishwa mbele ya fundi ikiwa haina mtu, taa inawekwa sawa, na kazi imekwisha. Baadaye dereva anapanda, abiria anakaa nyuma, na pengine gunia la mkaa linafuata. Springi za nyuma zinashuka, pua inainuka, na taa iliyokuwa ikitazama barabara inatazama nyota. Digrii moja ya kuinuka ni kiasi cha sentimita 17 katika umbali wa mita 10. Katika mita 50 ni karibu mita nzima, na mita nzima kutoka katika lami ndiyo tofauti kati ya goti na jicho la mtu. Wako polisi wengi waliopofushwa na pikipiki zisizo na kosa lolote ila abiria.

Ndugu wasikilizaji, yafaa jambo hili lielezwe pia kwa upande wa mwenye sare. Mwanajeshi yeyote aliyepita katika mafunzo ya usiku anajua kwamba jicho linahitaji karibu nusu saa ili kuzoea giza kabisa, na kwamba mwanga mmoja mkali unaiharibu nusu saa hiyo kwa nukta chache. Kwa hiyo hufundishwa kufumba jicho moja, kutotazama taa moja kwa moja, na kuficha tochi yake. Elimu hiyo ni nzuri kazini, na ni ajabu jinsi inavyosahauliwa barabarani. Mlinzi wa kizuizini anapoona pikipiki inakuja, mkono wake huinua tochi na kuielekeza usoni mwa dereva. Nia yake ni kumtambua. Matokeo yake ni kwamba mtu anayeendesha chombo cha magurudumu mawili, kilo mia na zaidi, akimwelekea mlinzi huyo huyo, sasa haoni kitu. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, sekunde tatu za upofu ni mita 33. Ni nani anayesimama ndani ya mita hizo 33? Tochi ikishushwa magotini na kupungwa, dereva ataona ishara, ataona mkono na ataona fulana. Uso wake utatazamwa baada ya pikipiki kusimama.

Afisa naye achague mahali pa kusimama. Aliyesimama nyuma ya gari lenye taa kamili zilizowashwa kuelekea kwa wanaokuja hawezi kuonekana hata akiwa na fulana mpya, kwa sababu anayekuja anaiona taa, haoni mtu. Fulana ya kuakisi haina mwanga wake. Inamrudishia dereva mwanga wa taa yake. Pikipiki yenye taa iliyotazama nyota haiipi fulana hiyo kitu cha kurudisha.

Tangu mwezi Mei 2019, Polisi ya Taifa ya Rwanda ilipoanzisha kampeni ya Gerayo Amahoro, iliyopangwa kwa majuma 52, mafundisho mengi yametolewa juu ya mwendo, ulevi, simu na kofia. Hayo yamesaidia, na ni haki kusifu. Taa imetajwa pia, lakini imetajwa zaidi kama kosa la kuadhibiwa. Faini inafaa kwa mtu aliyefunga taa za ziada kando ya usukani na kuziwasha mjini mbele ya watu. Huyo anajua afanyalo. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya usafiri wa barabarani unasema wazi kwamba taa kamili izimwe dereva anapokaribia kukutana na mwenzake, na akili ya kawaida ilikuwa imesema hivyo kabla ya mkataba. Lakini motari ambaye taa yake imepanda kwa sababu ya abiria, au aliyeuziwa balbu kwa kuambiwa ni ya kisasa, akitozwa faini na kuachiwa aende na taa ile ile, amelipa na hakuna aliyepona. Mita mia moja mbele yake yuko mama anayetoka mpakani, na faini haikumfanya aonekane.

Ingefaa zaidi dereva wa namna hiyo aelekezwe pembeni, bisibisi itolewe, na taa ishushwe pale pale. Katika pikipiki nyingi ni skrubu moja au mbili. Mafundi wa Gisenyi na Mahoko wanaijua kazi hiyo. Wanachokosa ni mtu wa kuwauliza. Na pikipiki za Jeshi na za Polisi zianze, kwa maana motari anayepofushwa na pikipiki ya polisi saa mbili usiku hatamwamini polisi anayemwonya saa tatu.

Vifaa vinavyohitajika viko katika kila kituo. Ni ukuta na kipande cha chaki. Pikipiki isimamishwe mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, hewa ya tairi ikiwa sawa, dereva akiwa amekaa juu yake na mwenzake nyuma. Kimo cha katikati ya taa kutoka ardhini kipimwe na kuchorwa ukutani kwa mstari. Chini ya mstari huo, sentimita 10, uchorwe mstari wa pili. Taa ikiwa imeinamishwa, ukingo wa juu wa mwanga wake uguse mstari wa pili, usiupite. Kama ukingo huo haupatikani, na ukutani kuna ukungu mweupe tu usio na mwanzo wala mwisho, balbu hiyo si ya taa hiyo, na itolewe. Kazi yote haizidi dakika kumi kwa kila pikipiki, na mvua kubwa za Rubavu huanza mwezi Machi.